Bendera ya Austria ndani ya gari la Mbrazili: kisa cha kumuenzi Ayrton Senna

Ayrton Senna, dereva wa Kibrazili wa langalanga (mbio za magari za Formula 1), alipokwisha kutolewa garini pale Imola, Italia, alasiri ya Jumapili tarehe 1 Mei 1994, ndani ya gari ilikutwa bendera iliyokunjwa. Yeyote aliyemfuatilia angetarajia iwe ya Brazil, maana ndiyo aliyozoea kuipeperusha kila akishinda. Haikuwa hiyo. Ilikuwa na mistari miwili myekundu na mmoja mweupe katikati, bendera ya Austria.

Siku moja kabla, kwenye njia hiyohiyo ya mbio, alifariki dereva Mwaustria aitwaye Roland Ratzenberger. Senna alikusudia kwamba akimaliza wa kwanza, ataitembeza bendera ya marehemu mbele ya watazamaji. Hakufika. Katika mzunguko wa 7, kwenye kona ya Tamburello, gari lake lilinyooka pale lilipotakiwa kupinda, likaufuata ukuta wa zege.

Habari za jinsi Senna alivyoenziwa zimesimuliwa mara nyingi, na karibu kila msimulizi huanzia kwenye jeneza. Mimi naanzia kwenye bendera hii, kwa sababu inaniambia kwamba siku ile mtu aliyekuwa akihangaikia heshima ya marehemu alikuwa Senna mwenyewe, na marehemu huyo hakuwa mtu mwenye jina. Senna akafa na kazi ile ikabaki kiporo. Heshima alizopewa yeye baadaye zilikuwa nyingi, nyingine kubwa kuliko wanazopata wafalme. Nikizipima, najikuta nikirudi kwenye swali moja: ni nani aliyekumbuka kwamba kwenye msiba ule kulikuwa na marehemu wawili?

Siku tatu za Imola

Balaa lilianza Ijumaa. Rubens Barrichello, kijana wa Kibrazili ambaye Senna alimchukulia kama mdogo wake, aliparamia ukingo wa kona, gari likapaa na kugonga uzio. Alizimia. Alipozinduka kwenye kituo cha matibabu, Senna alikuwa amesimama karibu yake.

Jumamosi, wakati wa kuwania nafasi za kuanzia mbio, bawa la mbele la gari la Ratzenberger liling'oka akiwa kwenye mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Alikuwa na umri wa miaka 33, mgeni kabisa katika langalanga. Timu yake ndogo, Simtek, ilikuwa na mkataba naye wa mbio tano tu. Kwenye mbio za Brazil alikosa nafasi ya kushiriki. Japani, wiki mbili kabla ya Imola, alishiriki na kumaliza wa 11. Hiyo ndiyo mbio pekee ya langalanga aliyowahi kuanza. Ilikuwa imepita miaka 12 tangu dereva afe katika wikiendi ya mashindano hayo, na wengi waliokuwa pale hawakuwahi kuliona jambo la namna ile.

Senna alichukua gari la maofisa akaenda mwenyewe mahali pa ajali, akaangalia. Wasimamizi walimkemea kwa hilo. Profesa Sid Watkins, daktari mkuu wa mbio na rafiki yake wa karibu, alimwona akilia. Akamshauri aachane na kazi hii: amekwisha kuwa bingwa wa dunia mara tatu, hana tena cha kumthibitishia mtu, waende zao wakavue samaki. Senna alimjibu kwamba yapo mambo ambayo hayamo mikononi mwetu, na kwamba hawezi kuacha.

Jumapili asubuhi alizungumza na madereva wenzake juu ya kufufua chama chao, wawe na sauti moja ya kudai usalama. Saa 8 mchana mbio zikaanza. Saa 8 na dakika 17 akagonga. Gurudumu na chuma chake vilirudi upande wa dereva, na kipande kikapenya kwenye helmeti. Alipelekwa kwa helikopta mpaka hospitali ya Maggiore mjini Bologna, hospitali ileile alikopelekwa Ratzenberger, na saa 12 na dakika 40 jioni madaktari wakatangaza kwamba amefariki. Alikuwa na umri wa miaka 34. Huko Imola mbio zilikuwa zimesimamishwa, zikaanzishwa tena, zikamalizwa. Michael Schumacher alishinda. Jukwaani hapakumwagwa shampeni.

Kwa nini Brazil ililia vile

Mtu asiyefuatilia mbio za magari anaweza kudhani Wabrazili walimpenda Senna kwa sababu alitoka chini kama wao. Si kweli. Alizaliwa São Paulo mwaka 1960 katika familia yenye uwezo, na baba yake ndiye aliyemtengenezea gari la kwanza la kuchezea, lenye injini ya mashine ya kukatia nyasi. Mtoto wa mtaa wa mabanda asingeweza kamwe kuingia mchezo huu.

Kilichowafunga naye ni ile bendera. Tarehe 21 Juni 1986, kwenye Kombe la Dunia huko Mexico, Brazil ilitolewa na Ufaransa kwa mikwaju ya penalti. Kesho yake Senna alishinda mbio za Detroit, Marekani. Alipokuwa akizunguka kurudi, aliomba bendera ya Brazil kwa mtazamaji aliyekuwa pembeni, akaishika juu kwa mkono mmoja huku akiendesha kwa mwingine. Tangu hapo ikawa desturi yake.

Sasa ikumbuke Brazil ya miaka ile. Wanajeshi walikuwa wametoka madarakani mwaka 1985. Rais Fernando Collor, wa kwanza kuchaguliwa na wananchi moja kwa moja baada yao, alijiuzulu mwishoni mwa 1992 kwa kashfa ya rushwa. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 2000. Mshahara wa asubuhi ulikuwa umekwisha nguvu kabla ya mtu kufika sokoni. Mpira, ambao ndio fahari yao, haukuwa umeleta Kombe la Dunia tangu 1970. Katika hali hiyo, Jumapili asubuhi familia ziliwasha televisheni, na kulikuwa na uwezekano mkubwa kwamba Mbrazili mmoja mwenye helmeti ya njano angewashinda Wazungu kwenye mchezo wao, kisha ainue bendera. Alishinda mbio 41 na kuanza wa kwanza mara 65. Alichukua ubingwa mwaka 1988, 1990 na 1991.

Ushindi wake wa Interlagos, nyumbani São Paulo, mwaka 1991 ndio nisiochoka kuufikiria. Gia zilimharibikia moja baada ya nyingine, akamaliza mbio akiwa na gia ya 6 pekee, na misuli ikamkaza hata akashindwa kutoka garini bila msaada. Kwenye jukwaa alilinyanyua kombe kwa shida, mkono ukitetemeka.

Hakuwa malaika, na anayetaka kumuenzi kwa kumsafisha anamnyima ukweli wake. Mwaka 1990 huko Suzuka, Japani, alimgonga mpinzani wake Alain Prost kwenye kona ya kwanza, wote wawili wakiwa kwenye mwendo wa kasi kubwa, na mwaka uliofuata akakiri kwamba hakuwa na nia ya kumpisha. Kitendo kile kingeweza kuua mtu. Prost huyuhuyu tutamkuta tena mbele kidogo.

Kumrudisha nyumbani

Serikali ya Brazil ilitangaza siku tatu za maombolezo. Mwili ulitolewa Italia hadi Paris, na kutoka Paris ulisafirishwa kwa ndege ya abiria ya shirika la Varig. Jeneza la abiria huwekwa chini, pamoja na mizigo. La Senna halikuwekwa huko. Viti viliondolewa, likapandishwa juu, kwenye sehemu ya abiria wa daraja la kati, likasafiri usiku kucha juu ya bahari pamoja na watu wanaopumua. Katika heshima zote za juma lile hii ndiyo ninayoiona imetoka moyoni zaidi, kwa sababu haikuwa na watazamaji. Hapakuwa na kamera ya umati wala hotuba. Ni watu wa shirika la ndege tu waliokataa kumfanya kijana wao mzigo.

Asubuhi ya tarehe 4 Mei ndege ilipoingia anga ya Brazil, ndege za kivita ziliisindikiza hadi São Paulo. Jeneza likawekwa juu ya gari la zimamoto, likafunikwa bendera, likaanza safari ya polepole kutoka uwanja wa ndege mpaka jengo la Bunge la jimbo. Makadirio yaliyotolewa wakati ule yalisema watu waliojipanga barabarani walikaribia milioni 3. Picha zinaonyesha watu juu ya madaraja, juu ya mapaa ya malori, wengine wakikimbia kando ya msafara kwa miguu mpaka pumzi inawaishia. Kwenye jengo la Bunge, foleni ya kumuaga iliendelea mchana na usiku; zaidi ya watu 200,000 walipita mbele ya jeneza.

Tarehe 5 Mei alizikwa katika makaburi ya Morumbi. Waliobeba jeneza walikuwa madereva: Gerhard Berger, Damon Hill, Jackie Stewart, Emerson Fittipaldi, Barrichello ambaye siku sita kabla alikuwa amezimia Imola, na wengine. Na Alain Prost. Watu wawili waliogombana hadharani kwa miaka, waliogongana Suzuka miaka miwili mfululizo, mmoja sasa alikuwa chini ya jeneza la mwenzake, bega kwa bega na waliobaki. Asubuhi ile ya mwisho Imola, Senna alimtumia Prost salamu kwenye televisheni ya Ufaransa kupitia redio ya garini, akimwita rafiki na kusema wanamkumbuka uwanjani, kwa kuwa Prost alikuwa amekwisha kustaafu. Kwa hiyo ugomvi ulikuwa umekwisha kuzikwa kabla ya mwenyewe kuzikwa. Nashukuru ilikuwa hivyo. Ni wangapi tunaowasindikiza makaburini hali neno tulilotaka kuwaambia bado limetukwama kooni?

Kaburi lenyewe halina mnara. Ni kibao kilicholala sawa na nyasi, chini ya mti, na juu yake pameandikwa kwa Kireno maneno yatokayo kwenye Waraka kwa Warumi: hakuna kitakachonitenga na upendo wa Mungu. Majirani zake pale makaburini wana vibao vya namna hiyohiyo. Umati wa mamilioni ulimpeleka mahali ambapo asiyemfahamu angempita.

Salzburg, siku mbili baadaye

Jumamosi tarehe 7 Mei, Ratzenberger alizikwa nyumbani kwao Salzburg. Hapakuwa na ndege za kivita. Madereva wachache walikwenda, miongoni mwao Berger, Mwaustria mwenzake, na Johnny Herbert, ambao wote wawili walitoka kwenye mazishi ya São Paulo wakavuka bahari kurudi Ulaya.

Alikuwepo pia Max Mosley, rais wa shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA. Mosley hakwenda kwa Senna. Miaka baadaye alieleza kwamba kila mtu alikuwa anakwenda kule, akaona ni muhimu mtu mmoja aende kwa Roland. Mosley alikuwa mtu wa kugombaniwa katika mambo mengi ya uongozi wake, lakini hili sijawahi kumwona mtu akilipinga kwa hoja. Mwenye cheo kikubwa kuliko wote katika mchezo ule alichagua msiba mdogo. Kwa wazazi wa Roland, kiti kile kukaliwa na yeye kilikuwa na maana kuliko kiti cha São Paulo, ambako asingeonekana katikati ya umati.

Timu ya Simtek nayo iliandika maneno mawili kwenye magari yake, "For Roland", yaani kwa ajili ya Roland, na ikaendelea kukimbia nayo msimu ule wote.

Kisha zikaja mbio za Monaco, tarehe 15 Mei. Senna alikuwa ameshinda Monaco mara 6. Hakuna aliyewahi kufikia hapo. Magari yalipojipanga, nafasi mbili za mbele kabisa ziliachwa wazi. Juu ya lami ya nafasi hizo palichorwa bendera, moja ya Brazil na nyingine ya Austria. Mshindi wa nafasi ya kwanza ya kuanzia, Schumacher, alijipanga nyuma ya rangi zile.

Hapa naomba tusimame kidogo. Ratzenberger kwa uhai wake asingeanza mbele pale Monaco. Gari lake lilikuwa la kuhangaika kupata nafasi ya mwisho. Aliyechora bendera zile angeweza kuchora moja tu na dunia nzima ingeelewa, isingelalamika. Aliwaweka sambamba, bingwa mara tatu na kijana wa mbio moja, kwenye mstari ambao ndio kipimo cha ukubwa katika mchezo huo. Kama kuna mahali ambapo lile kusudio la Senna lilianza kutimizwa, ni pale.

Heshima ya kazi

Monaco hiyohiyo ndipo madereva walipokifufua chama chao, kama alivyotaka Senna asubuhi ya kufa kwake. Haikuwa mapema hata kidogo: katika mazoezi ya Monaco Mwaustria mwingine, Karl Wendlinger, aligonga na kubaki katika usingizi mzito kwa wiki kadhaa. Alipona.

Mabadiliko yaliyofuata hayana mvuto wa kusimulia kama msafara wa São Paulo, lakini ndiyo yaliyookoa watu. Tamburello, iliyokuwa kona ndefu ya kupita kwa kasi yote, ilivunjwa. Kufikia mbio za 1995 ilikuwa imefanywa kona za kupinda kushoto na kulia ambazo lazima dereva afunge breki. Injini zikapunguzwa kutoka lita 3.5 hadi lita 3. Mwaka 1996 kuta za pembeni mwa kichwa cha dereva ziliinuliwa. Baadaye magurudumu yakafungwa kwa kamba imara ili yasiruke hovyo ajali inapotokea, na mwaka 2003 ikawa lazima dereva kuvaa kifaa cha kukinga shingo. Watkins, yule rafiki wa kuvua samaki, alikuwa katikati ya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Baada ya Senna, ilipita miaka 20 kabla ya ajali nyingine ya mbio za langalanga kumuua dereva: Jules Bianchi, Mfaransa, aliyegonga Suzuka Oktoba 2014 na kufariki Julai 2015. Hesabu ni madereva wangapi walipita kwenye mchezo huo katika miaka hiyo 20, wakagonga kuta, wakatoka na vumbi. Wengi wao hawatajua ni ajali ipi ingewaua.

Upande wa sheria haukuleta faraja kama hiyo. Mahakama za Italia zilichunguza kwa miaka mhimili wa usukani, ambao ulikuwa umekatwa na kuungwa upya kwa sababu Senna aliomba nafasi zaidi ndani ya gari. Mwaka 1997 wakuu wa Williams, timu aliyokuwa akiiendeshea Senna, waliachiwa huru. Mwaka 2007 mahakama ya juu kabisa ilisema mkurugenzi wa ufundi, Patrick Head, alibeba dhamana ya mhimili uliokatika, ila muda wa kumshtaki ulikuwa umepita. Timu yenyewe haijawahi kukubali kwamba hicho ndicho kilichosababisha ajali. Mwaka hadi mwaka, kuanzia 1995 hadi 2021, magari ya Williams yalibeba alama ya S ya Senna. Yapo maumivu ambayo mtu huyabandika kwenye pua ya gari kwa sababu hana pengine pa kuyaweka.

Kabumbu, barabara na shule

Tarehe 20 Aprili 1994, siku 11 kabla ya kifo chake, Senna alialikwa jijini Paris kupiga mpira wa kufungulia mechi ya kirafiki ya timu ya taifa ya Brazil. Wao walikuwa wanasaka Kombe la Dunia la nne. Yeye alikuwa anasaka ubingwa wa nne. Julai 17, baada ya kuwafunga Waitalia kwa penalti pale Pasadena, Marekani, wachezaji walitandaza kitambaa kirefu uwanjani kilichosema kwamba wameongeza kasi pamoja na Senna na kwamba la nne ni lao. Kijana aliyebeba bendera mwaka 1986 kwa sababu wanasoka walikuwa wameanguka, sasa wanasoka walimbebea yeye. Sidhani kuna aliyepanga deni hilo lilipwe hivyo.

Majina yakafuata. Barabara kuu itokayo São Paulo kwenda mashariki ikaitwa Ayrton Senna. Handaki mojawapo la jiji likapewa jina lake. Mwaka 2014 kikundi cha samba cha Unidos da Tijuca kilishinda kanivali ya Rio kwa onyesho lililomhusu, na mwaka 2023 sheria ilimtangaza kuwa mlezi wa michezo ya Brazil. Ilitengenezwa hata gari ya kifahari yenye jina lake, McLaren Senna, magari 500 tu kwa bei ambayo ni matajiri wachache wanaoweza kuitaja. Siwalaumu waliolinunua. Ila mtu akiniuliza jina la Senna liko wapi hasa, simpeleki huko.

Nampeleka kwenye taasisi ambayo dada yake, Viviane, aliianzisha mwezi Novemba 1994. Miezi michache kabla ya kifo chake Senna alimwambia dada yake kwamba anataka kufanya jambo kubwa kwa ajili ya watoto wa Brazil, wakubaliane namna. Hawakuwahi kukaa kikao cha pili. Viviane ni mwanasaikolojia. Hakuwa mtu wa magari. Alichukua mapato yanayotokana na jina na picha ya mdogo wake, akayaelekeza kwenye elimu ya shule za umma: kuwafundisha walimu, kuwanyanyua watoto waliobaki nyuma kusoma na kuandika, kushirikiana na majimbo na halmashauri. Kwa miaka 30 kazi hiyo imewafikia mamilioni ya wanafunzi. Prost aliwahi kuwa miongoni mwa washauri wake.

Nalisisitiza hili kwa kuwa nimekwisha kusema kwamba Senna alitoka kwenye familia yenye uwezo, na kwamba watoto maskini waliomlilia wasingeweza kumfuata kwenye mchezo wake. Taasisi haikuwapa magari. Iliwapa kitabu na mwalimu aliyeandaliwa. Umati ule uliokimbia kando ya gari la zimamoto ulikuwa umempa alichokuwa nacho, machozi na miguu yake. Dada mtu alitafuta namna ya kuwarudishia.

Imola, Mei 2024

Ndani ya bustani iliyo upande wa ndani wa Tamburello kuna sanamu ya shaba ya Senna, iliyowekwa mwaka 1997. Ameketi, kichwa kimeinama. Si sanamu ya mshindi. Kwenye uzio ulio karibu watu hufunga bendera, skafu na barua zilizoandikwa kwa mkono, na mvua ikizioza wengine huja na mpya. Kwa miaka mingi karibu bendera zote zilizofungwa pale zilikuwa za kijani na njano. Ratzenberger alikumbukwa, lakini mara nyingi kama mstari mmoja ndani ya habari ya Senna: "na siku moja kabla pia alifariki..." Ndivyo jina kubwa linavyolifunika dogo hata pasipo mtu kukusudia.

Mwaka 2024, miaka 30 ilipotimia, Sebastian Vettel aliamua kulishughulikia. Vettel ni Mjerumani, bingwa mara nne, aliyekuwa amekwisha kustaafu. Alikuwa na umri wa miaka 6 Senna alipokufa. Alhamisi ya wiki ya mbio za Imola aliwakusanya madereva wa langalanga, wakaenda pamoja Tamburello kuwakumbuka wote wawili, na majina yote mawili yakatajwa.

Jumapili tarehe 19 Mei, kabla ya mbio kuanza, aliingia njiani peke yake akiendesha McLaren ya mwaka 1993, aina ileile aliyoitumia Senna msimu ule, gari ambalo Vettel amelinunua kwa fedha zake. Watazamaji walisimama. Alizunguka polepole, kisha akasimamisha gari na kuinua bendera mbili. Moja ilikuwa ya kijani na njano. Nyingine ilikuwa na mistari miwili myekundu, na mmoja mweupe katikati.